Zamu ya Maji Kebosongo

Hilaria Konstantino aliripoti kazini katika Shule ya Msingi Kebosongo, kata ya Susuni, wilayani Tarime, Jumatatu ya tarehe 3 Machi 2014. Alikuwa na barua ya ajira, godoro lililofungwa nyuma ya bodaboda, na viatu vya visigino ambavyo hakuvivaa tena baada ya wiki ya kwanza, kwa sababu kisima cha shule kiko bondeni na njia ya kwenda huko ni ya mawe matupu.

Njia hiyo ndiyo iliyomjulisha kwa watu. Kebosongo haina bomba. Maji ya kupikia uji, ya kumwagilia bustani na ya kunawa mikono hutoka kwenye kisima cha pampu chini ya shule, na wanafunzi huyachota kabla ya kengele ya mstari. Mwaka ule Hilaria alikuta kazi hiyo ni ya wasichana na ya wavulana wadogo. Wavulana wakubwa waliokwisha kutahiriwa walikaa kwenye ngazi za ofisi wakiongea mpaka ndoo zimalize kupanda. Hakuna mwalimu aliyeamuru iwe hivyo. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwao, na shule ikafuata.

Alipangiwa somo la Uraia, ambalo baadaye liliitwa Uraia na Maadili. Kipindi chake cha kwanza kilikuwa cha kuheshimiana. Darasa la nne liliimba jibu kwa sauti moja: heshima ni kumthamini kila mtu. Kengele ikalia, watoto wakatoka, na mlangoni palepale mvulana mmoja akamsukuma msichana ili apite kwanza. Hilaria alirudi akafuta ubao. Siku ya pili, badala ya kuandika, alichukua ndoo jikoni, akashuka nayo kisimani, akapanda nayo kichwani mbele ya shule nzima.

"Mwalimu, mshahara umechelewa mpaka umeanza vibarua?" mwalimu mwenzake alimpigia kelele kutoka dirishani. Walimu wakacheka. Hilaria akamimina maji kwenye pipa na kushuka tena.

Tangu hapo ana kanuni mbili, wala hajaziandika mahali. Kisimani hupangwa foleni kwa kufuata nani amefika kwanza. Na anayeongoza zamu hubeba ndoo ya kwanza.

Kanuni ya kwanza aliitoa utotoni. Baba yake, Konstantino, alitoka Biharamulo kuja Nyamongo kuchimba dhahabu, na Hilaria alikulia katika nyumba ya mabati kando ya mashimo. Kikurya alikijua kabla ya kuanza shule. Hakikumsaidia kisimani. Pale, watoto wa wenyeji walichota kwanza hata kama wamefika mwisho, na watoto wa "watu wa kuja" walisubiri na madumu yao hadi jua liwe kali. "Nilikuwa nachelewa shule kila siku, na mwalimu ananichapa kwa kuchelewa," anasema. "Niliwaza, siku nikiwa mwalimu nitaanzia kisimani."

Kanuni ya pili aliibuni mwenyewe, na ilichukua muda kukubalika. Mwaka wa pili baadhi ya wavulana wakubwa walianza kushuka bondeni, kwanza kwa sababu waliona aibu mwalimu wa kike kubeba maji wao wakiwa wamekaa, halafu kwa mazoea. Mwaka 2017 alimshawishi mwalimu mkuu, Mwalimu Sadock, aache kuteua kiranja mkuu. Kabla ya hapo kiranja alikuwa mvulana mrefu kuliko wote, basi. Hilaria alitengeneza sanduku la kura kwa boksi la sabuni, akakata karatasi, akawafundisha watoto kwamba kura ni siri. Kila Novemba, darasa la sita wakawa wanatoa wagombea, na shule yote kuanzia darasa la tatu inapiga kura.

Novemba 2024 alichaguliwa Robi Erasto, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye sauti inayotoka ofisini ikafika kisimani. Baba yake ni mkulima wa mahindi na mzee wa kanisa, aliyekataa binti zake wakeketwe. Kijiji kizima kinajua, na si wote wanaomsifu. Aliyempigia Robi kampeni kuliko mtu yeyote alikuwa Mogesi Amos, mwanafunzi mwenzake. Mogesi ndiye aliyetunga wimbo wa kampeni, na wadogo waliuimba mpaka walimu wakachoka nao.

Kisha ikaja Desemba. Huku tohara ya kimila hufanyika Desemba, mwaka mmoja ikiwepo, mwaka unaofuata isiwepo, na 2024 ulikuwa mwaka wake. Mogesi alitahiriwa pamoja na wenzake saba wa darasa lake. Shule ilipofunguliwa Januari walirudi wanane, wamevaa kofia mpya, wakitembea kwa mstari mmoja na kuongea polepole kama watu wenye mambo mengi. Sasa walikuwa *abamura*, vijana waliokwisha kuwa wanaume.

Wiki hiyo zamu ya maji ilikuwa ya darasa la saba. Asubuhi Robi alipanda na ndoo ya kwanza kama kawaida, akaitua karibu na jiko, akaita majina. Alipofika kwa Mogesi akamsogezea ndoo tupu.

Mogesi aliitazama. Akasema kwa Kikurya, kisha akarudia kwa Kiswahili ili hata walimu wageni wasikie: "Msagane hawezi kunituma maji."

Msagane ni msichana ambaye hajakeketwa, na likisemwa mbele za watu ni tusi. Mogesi hakuishia hapo. Alisukuma kwa mguu ile ndoo iliyojaa. Ikaanguka, mpini ukang'oka upande mmoja, maji yakateremka kuelekea kwenye ngazi. Wenzake wakacheka.

"Hayo uliyomwaga ni ya uji wako," Robi akamwambia. Akaiokota ndoo, akaikumbatia kwa kuwa haikuwa na mpini, akashuka tena bondeni.

Hilaria aliyaona yote hayo akiwa mlangoni. Alichofanya mstarini ndicho anachokitaja mpaka leo kuwa kosa. Alimwita Mogesi mbele, peke yake, mbele ya watoto wa chekechea na wa darasa la kwanza, akamwamuru amwombe Robi radhi.

 Mogesi alitazama paa la ofisi. Kisha kijana mmoja akatoka mstarini akaja kusimama kando yake. Akafuata wa pili. Wakatoka wote saba.  Waligeuka kwa pamoja, wakapita kwenye uwazi wa ua wa michongoma, wakaenda zao.

"Nimekulia huku," anasema Hilaria. "Najua kabisa kwamba kijana aliyetahiriwa mwezi uliopita humtoi kwenye rika lake ukamsimamisha peke yake mbele ya watoto. Ukimgusa mmoja umewagusa wote. Nilijua, na nilifanya hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa na hasira."

Kesho yake hawakuja. Wala keshokutwa.

Waliokuja ni baba zao, wakiongozwa na Mzee Amos, baba yake Mogesi, mfugaji ambaye pia ndiye aliyetoa gogo la kutengenezea madawati ya darasa la pili. Walikaribishwa ofisini. Salamu zilikuwa ndefu. Mzee Amos aliulizia afya ya mume wa Hilaria, Nestory, ambaye ni mpishi katika kambi ya watalii huko Natta na huja nyumbani siku za mapumziko. Hilaria akaulizia ng'ombe.

"Mwalimu, sisi hatuna ugomvi na shule," Mzee Amos akaanza mwishowe. "Tunaomba jambo dogo tu. Mtoe yule binti kwenye ukiranja. Kesho asubuhi vijana wako darasani."

"Kosa lake ni nini, mzee wangu?"

"Hana kosa. Ndiyo maana nasema mtoe. Sikusema mfukuze."

"Mogesi mwenyewe ndiye aliyemfanyia kampeni."

"Mogesi yupi? Yule mtoto?" Mzee Amos akacheka, na wenzake wakacheka. "Mwalimu, yule tulishamaliza naye Desemba."

Walipoondoka, Mwalimu Sadock alifunga mlango. Ni mtu mpole, aliyebakiza miaka michache kustaafu, na hapendi makelele.

"Wanane kwa mmoja, Hilaria," alisema. "Na huyo mmoja hafukuzwi. Anabaki darasani, anasoma, anafaulu. Anachopoteza ni beji tu."

"Mkuu, beji hiyo alipewa na wanafunzi. Tukimvua mimi na wewe kwa sababu mzazi fulani ametaka, basi yote niliyofundisha hapa miaka kumi nayafuta kwa mkono wangu."

"Sawa. Na wale wanane wasiporudi?"

 Kijana anayeacha shule Januari ya darasa la saba kwa kawaida harudi. Anaanza vibarua, anashika hela, na mtihani unampita. Majina ya watahiniwa yalikuwa yanakaribia kupelekwa wilayani.

"Tutasubiri mpaka siku ya kupeleka majina," Mwalimu Sadock akasema. "Ikifika hawapo, nitamwita Robi mwenyewe ofisini. Sitakutuma wewe."

Mambo ya ofisini hayakai ofisini. Saa ya uji Robi alikuja kwenye meza ya Hilaria, akavua beji, akaiweka juu ya madaftari.

"Chukua, madam."

"Nani amekuomba?"

"Hakuna."

"Basi ivae. Kama kuna mtu anaitaka, aje aseme."

Robi aliivaa. Hilaria anakiri kwamba jibu hilo lilikuwa la ujasiri kuliko alivyojisikia moyoni.

Habari zilisema vijana wako Sirari, mpakani, wanabeba mizigo. Jumamosi Hilaria alikwenda. Ilikuwa siku ya soko, magari ya mahindi na ndizi yamejipanga pande zote mbili za barabara, na makuli wanaitana kwa Kikurya, Kijaluo na Kiswahili cha Kenya. Alimkuta Mogesi nyuma ya vibanda vya chakula, akisukuma mkokoteni wenye madumu ya maji. Kofia mpya ilikuwa imeshachakaa. Alipomwona mwalimu wake alitaka kugeuza mkokoteni, lakini njia ilikuwa nyembamba.

"Shikamoo, madam," alisema, macho chini.

"Marahaba. Maji haya unapeleka wapi?"

"Pale tu."

Mkokoteni haukuweza kupita kati ya vibanda, kwa hiyo madumu yalibebwa kwa mkono. Mogesi alibeba mawili. Hilaria akachukua la tatu.

"Madam, acha! Watu wanaona."

"Wanaona nini? Mwalimu anabeba maji. Wewe umeniona mara ngapi?"

Kibanda kilikuwa cha mama mmoja aitwaye Eunice, mwenye kanga kiunoni na mwiko mkononi. Alimwona Hilaria na dumu lake.

"Wee kijana, umeleta msaidizi? Mimi silipi wawili!" akafoka. "Na fanya haraka bana, sufuria inaungua na wewe unatembea kama harusi!"

"Nakuja, mama," akasema Mogesi.

Hapo palikuwa na neno ambalo mwalimu mwingine asingeliacha lipite. Kijana aliyekataa kutumwa maji na msichana aliyemchagua mwenyewe alikuwa akitumwa maji na mwanamke ambaye hakuna aliyemchagua. Hilaria aliliona, na akalimeza. "Nilishamwaibisha mara moja mbele ya watu," anasema. "Ilitosha."

Walikaa kwenye mkokoteni mtupu. Hilaria alinunua mandazi.

"Kwanza, mimi nilikukosea kukuita peke yako," alimwambia. "Hilo nitalisema na shuleni. Lakini nataka kukuuliza kitu. Novemba ulimpigia nani kura?"

"Kura ni siri, madam. Si wewe uliyetufundisha?"

"Haya, umenishinda. Wimbo ule alitunga nani?"

Mogesi akacheka, halafu akaacha kucheka. "Wakati ule nilikuwa mrisya," alisema, akimaanisha mvulana ambaye hajatahiriwa.

"Kwa hiyo aliyepiga ile kura ni mtu mwingine?"

"Ndiyo. Yule hayupo tena."

Hakusema kwa mzaha. Ndivyo alivyoambiwa Desemba, na ndivyo anavyoambiwa kila kijana wa huku: kuanzia leo mtoto amekwisha. Baba yake alikuwa amesema jambo hilo hilo ofisini. Wakati gari linarudi Susuni, Hilaria aliacha kutafuta namna ya kulipinga. Kama yule mtoto hayupo tena, basi huyu aliyepo bado hajapiga kura. Na mtu ambaye hajapiga kura hana sababu ya kumtii kiranja.

Jumatatu alimweleza Mwalimu Sadock kwamba anataka uchaguzi urudiwe, shule nzima, na kila mwanafunzi wa darasa la saba anaruhusiwa kugombea.

"Na binti akishindwa?"

"Atakuwa ameshindwa kwa kura, Mkuu. Siyo kwa kikao cha baba zao."

Lakini kabla ya kumwambia mtu mwingine alimwita Robi, kwa kuwa cheo kilichokuwa kinawekwa mezani ni cha Robi, si chake.

"Unaweza kukataa," alimwambia. "Ulishinda kihalali. Ukikataa, nitakutetea hivyo hivyo."

Robi alifikiri. "Nikishindwa inakuwaje?"

"Utabeba ndoo kama wengine."

"Kwani sasa hivi sibebi?"

"Unabeba."

"Basi irudiwe. Ila Mogesi agombee mwenyewe, madam. Asitume mtu."

Mzee Amos alipopelekewa habari nyumbani kwake hakuomba muda wa kufikiri. Alimkaribisha Hilaria kiti, akaagiza aletewe maziwa.

"Kura? Hiyo ni sawa kabisa. Kijana wangu atashinda."

"Na akishindwa, mzee?"

"Hawezi."

"Tuseme ameshindwa."

Mzee Amos alinyoosha miguu. "Mwanaume aliyekubali mashindano mbele ya watu, akishindwa akanuna, rika lake litamcheka mpaka azeeke. Mimi sitakuwa na kazi hapo." Kisha akauliza kama wazazi wanaruhusiwa kuja kuangalia kura zikihesabiwa. Hilaria alimwambia wanaruhusiwa, ila wasiongee.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mzee wangu."

"Hiyo ni ngumu," alisema Mzee Amos. "Lakini nitakuja."

Vijana wanane walirudi Kebosongo siku ya uchaguzi. Mstarini, kabla ya jambo lolote, Hilaria alisimama mahali palepale alipomsimamisha Mogesi. Alisema alikosea kumtenga kijana na wenzake na kumsimamisha mbele ya watoto wadogo, na kwamba anawaomba radhi wote wanane. Alisema pia kwamba neno aliloambiwa Robi ni tusi, na halitasemwa tena katika shule ile. "La kwangu nimelimaliza," alisema. "Lile lingine lina mwenyewe."

Wagombea walikuwa wawili. Mogesi alizungumza kwanza. Ana kipaji, kila mtu anakubali. Alisimama vizuri, akangoja kimya kipatikane. Alisema shule inahitaji kiongozi mwenye nguvu. Alisema atasimamia mechi na shule jirani. Halafu akatoa ahadi aliyoiona kuwa kubwa kuliko zote.

"Mimi nikiwa kiranja mkuu, abamura hatutachota maji!"

Wenzake saba walishangilia. Mkono mdogo ukanyooshwa kutoka mstari wa darasa la tatu, wa msichana aliyekosa meno mawili ya mbele.

"Watachota nani?"

"Wasichana," alisema Mogesi. "Na warisya."

Minong'ono ikaanza kutoka mistari ya darasa la tatu, la nne na la tano. Shule nzima ilikuwa na abamura wanane. Wasichana walikuwa nusu ya waliosimama pale. Nusu iliyobaki, ukiwatoa wale wanane, walikuwa warisya. Mwalimu Sadock aliinama kana kwamba anafunga kamba za viatu. Mogesi mwenyewe aliangalia mistari ile, na waliokuwa karibu naye wanasema ilionekana wazi usoni mwake kwamba amepiga hesabu, ila amechelewa.

Hotuba ya Robi haikufika hata dakika moja. "Zamu ni zile zile mnazozijua," alisema. "Za wote. Ndoo ya kwanza ni yangu."

Kura zilipigwa katika chumba cha darasa la saba, mmoja mmoja, na boksi la sabuni likafunguliwa mbele ya wagombea. Mwalimu Sadock alisoma kila karatasi, Hilaria akachora mistari ubaoni. Mzee Amos alikaa kwenye dawati la nyuma, magoti yakimgusa kidevu, mdomo ameufunga kama alivyoahidi. Mogesi alipata kura nyingi kuliko idadi ya rika lake. Wapo waliopenda ile habari ya mechi. Lakini mistari ya Robi ilijaza ubao mpaka ikabidi waanze safu nyingine. Matokeo yalipotangazwa wasichana walipiga vigelegele, kisha wakanyamaza wenyewe, kwa sababu kila mtu alikuwa anamwangalia Mogesi.

 Mogesi akainuka, akaenda jikoni, akatoka na ndoo.

"Zamu ya leo ni ya nani?" aliuliza.

"Ya la saba," alisema Robi. "Lakini ngoja kwanza."

Akachukua ndoo yake, ile ya mpini uliong'oka, akatangulia. Mogesi akafuata. Na hapo kikatokea kilekile kilichotokea wiki zilizopita mstarini, isipokuwa safari hii walielekea upande mwingine. Kijana wa kwanza wa rika akaingia jikoni kutafuta ndoo. Wa pili akafuata. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kubaki juu wakati mwenzao anachota maji, kwa hiyo wakashuka wote saba. Ndoo hazikutosha. Wa mwisho alibeba sufuria ya uji, kubwa kama beseni, na ilikuwa bado na makoko.

Mzee Amos alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi. Ahadi ya kunyamaza ilikuwa imekwisha muda wake.

"Tazameni lile jitu na sufuria!" alisema, akicheka hadi akashika ukuta. Kisha akamgeukia Hilaria. "Mwalimu, umenishinda."

"Hapana, mzee wangu. Mimi sikugombea."

Mwalimu Sadock sasa huwasimulia wageni wote wa shule habari hiyo, na kila akiisimulia idadi ya wazazi waliohudhuria inaongezeka. Nestory, mumewe Hilaria, aliipata kwa simu akiwa jikoni Natta, na anasema aliacha mchuzi ukaungua. Hilaria mwenyewe anaisimulia kwa ufupi. Akiulizwa ni nini anachojivunia, hataji uchaguzi. Anataja kwamba alipopita bondeni Februari aliwakuta watoto wa darasa la tatu wamepanga foleni bila mwalimu wala kiranja, na kijana mmoja wa lile rika, mrefu kuliko pampu, akiwa wa nne nyuma ya watoto watatu, anasubiri.

"Alinisalimia na hakutoka kwenye nafasi yake," anasema. "Nilienda darasani nikiwa mrefu kidogo siku ile."

Je, Mogesi aliomba radhi? Robi anasema hapana, si kwa maneno. Ila asubuhi moja alikuta ile ndoo yake imefungwa mpini mpya wa waya, umekunjwa vizuri na kuviringishiwa mpira wa baiskeli ili usikate mkono. Hakuuliza ni nani. Katika darasa la saba ni mmoja tu anayejua kukunja waya hivyo.

"Aseme asiseme," anasema Robi, "ndoo inabebeka."

Majina ya wanane wote yalipelekwa wilayani pamoja na ya wengine, na Septemba watafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kikao cha walimu na wazazi kimeuhamisha uchaguzi wa kiranja mkuu kutoka Novemba kwenda wiki ya kwanza ya Januari. Hoja ilitolewa na Mzee Amos. Shule moja ya Machochwe, wilaya ya Serengeti, ambako wavulana nao hurudi Januari wakiwa wanaume, imemwomba Hilaria akawaeleze walimu wake jinsi zamu zinavyopangwa, na atakwenda likizo ya Juni. Tohara ijayo ni Desemba 2026. Watakaotoka huko watapiga kura Kebosongo Januari 2027, na asubuhi hiyo, kwa kuwa kiranja atakuwa bado hajachaguliwa, Hilaria atabeba ndoo ya kwanza.